Farasi, Majani Mabichi na Mbegu ya Kitani

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Usemi huo wafaa kukumbukwa na kila mwenye farasi anapoingia katika duka la vyakula vya mifugo na kukuta rafu nzima imejaa chupa na makopo yaliyoandikwa neno "omega". Maandishi ya vitu hivyo huahidi mambo mengi: manyoya yang'aayo, kwato ngumu, viungo visivyouma, pumzi nzuri, na hata tabia ya upole. Bei yake si ndogo. Mtu mwenye farasi watatu au wanne anaweza kumaliza katika chupa hizo fedha ambazo zingemnunulia marobota mengi ya majani. Basi yafaa tuulize: Je, farasi ana haja ya vitu hivyo? Na kama anayo, haja hiyo imetoka wapi?

Huenda msomaji akasema kwamba farasi ni wachache katika nchi zetu, na hilo ni kweli. Mbung'o na ugonjwa wa nagana, pamoja na yale maradhi makali ya farasi wa Afrika yaenezwayo na usubi, vilimzuia mnyama huyu asienee kwetu kama alivyoenea kwingineko. Hata hivyo wapo. Nairobi imekuwa na mbio za farasi katika uwanja wa Ngong tangu ulipofunguliwa mwaka 1954. Wapo pia wanaojipatia riziki kwa kuwapandisha watoto farasi siku za mapumziko, na wapo masaisi, yaani watunzaji wa farasi, ambao hawana kazi nyingine. Jirani zetu wa Ethiopia, kwa upande wao, wanao farasi na punda kwa mamilioni. Na mengi yatakayosemwa hapa juu ya farasi yanamhusu ndugu yake punda, ambaye ndiye aliyebeba mizigo yetu miaka yote.

MMEA WENYE MANUFAA

Kati ya vyote vinavyouzwa kwa jina la omega, kilicho cha zamani zaidi, na kilicho rahisi zaidi, ni mbegu ya kitani. Kitani ni mmea mwembamba wenye ua la rangi ya buluu. Nyuzi za shina lake ndizo zifumwazo nguo ya kitani, na mbegu zake ni ndogo, bapa, za rangi ya kahawia au manjano, laini na zenye kung'aa. Wataalamu wa mimea waliupa jina la Kilatini Linum usitatissimum, maana yake kitani chenye manufaa mengi mno, na jina hilo halikutolewa bure.

Mmea huu si mgeni katika Afrika ya Mashariki. Waethiopia wameulima tangu kale. Mbegu zake huziita telba, huzikaanga na kuzisaga wakapata kinywaji na kitoweo, hasa katika siku za kufunga. Katika nyanda za juu za Kenya walowezi wengi, wakiwamo askari waliotoka katika Vita vya Kwanza vya Dunia, walikimbilia kilimo cha kitani kwa ajili ya nyuzi zake, kwa kuwa bei ilikuwa juu. Bei hiyo ilipoanguka ghafula miaka ya 1920 na 1921, wengi wao walifilisika, na kitani kikatoweka mashambani. Siku hizi sehemu kubwa ya mbegu inayouzwa duniani hutoka Urusi, Kazakhstan na Kanada.

Ukiikamua mbegu ya kitani utapata mafuta kiasi cha asilimia 40 ya uzito wake. Zaidi ya nusu ya mafuta hayo ni asidi iitwayo alfa-linoleniki, ambayo ni ya kundi la omega-3. Omega ni herufi ya mwisho ya alfabeti ya Kigiriki. Asidi ya mafuta ni kama mnyororo wenye kichwa na mkia, na wanakemia huhesabu pete za mnyororo huo kuanzia mkiani. Pale kiungo maradufu cha kwanza kinapokuwa kwenye pete ya tatu, asidi huitwa omega-3. Kinapokuwa kwenye pete ya sita, huitwa omega-6. Mwili wa farasi, kama mwili wa binadamu, hauwezi kuviweka viungo hivyo mahali hapo wenyewe. Hauna budi kuvipata katika chakula.

Jambo hili lilidhihirika mwaka 1929, wakati George Burr na mkewe Mildred, wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, walipowalisha panya chakula kisicho na mafuta kabisa. Panya hao waliacha kukua, ngozi zao zikawa na magamba, hatimaye wakafa. Hapo ndipo ilipofahamika kwamba mafuta si nishati tu, bali baadhi yake ni lazima kwa uhai wenyewe. Tangu miaka ya 1970, baada ya madaktari wa Denmark kuchunguza damu za wakazi wa Greenland walao samaki na sili kwa wingi, jina la omega-3 likaenea, kwanza kwa wanadamu na baadaye kwa wanyama wao.

MAFUTA YALIYOMO MAJANINI

Sasa tumtazame farasi mwenyewe. Mnyama huyu aliumbwa kula majani. Akiachwa malishoni hula kidogo kidogo kwa saa hata 16 kati ya 24, mchana na usiku. Watu wengi hudhani kwamba majani hayana mafuta, nao wamekosea. Mafuta yamo, ingawa ni machache: kiasi cha asilimia mbili hivi ya uzito wa majani baada ya maji kuondolewa. Lakini ajabu ya mafuta hayo ni kwamba nusu yake, na mara nyingi zaidi ya nusu, ni ile ile asidi ya alfa-linoleniki iliyomo katika mbegu ya kitani.

Na tupige hesabu. Farasi mwenye uzito wa kilo 500 hula kwa siku majani yenye uzito wa kilo 10 hivi, bila kuhesabu maji. Asilimia mbili ya kilo 10 ni gramu 200 za mafuta, na nusu yake ni gramu 100 za omega-3. Kumbe yule farasi aliyeachwa kwenye majani mabichi, bila chupa wala kopo, hupata gramu 100 kila siku! Ili kuzipata gramu hizo kwa mbegu ya kitani pekee ingempasa ale karibu nusu kilo ya mbegu. Gramu 100 za mbegu, kiasi ambacho wengi hukipima kwa kikombe, humpa kama gramu 22 tu, yaani sehemu moja kwa tano ya kile ambacho malisho humpa bila malipo.

Upungufu unatoka wapi basi? Unatoka katika namna tunavyomfuga. Majani yakikatwa na kuanikwa juani, sehemu kubwa ya asidi hiyo huharibika kwa hewa na jua kabla robota halijafungwa. Tena farasi wa mbio na wa kazi hufungiwa bandani, na nafasi ya majani hujazwa mahindi, shayiri na pumba. Nafaka hizo zina nguvu, lakini mafuta yake kwa sehemu kubwa ni omega-6. Kadhalika mafuta ya mahindi na ya alizeti, ambayo wengine huyamimina katika hori ili kumnenepesha mnyama. Omega-6 si sumu, nayo ni lazima mwilini. Ila kundi moja likizidi mno na jingine likikosekana, mizani huharibika. Hivyo mbegu ya kitani si dawa iliyogunduliwa jana. Ni fidia ya majani tuliyomnyima farasi sisi wenyewe.

TUMBO LA FARASI

Farasi hana mfuko wa nyongo. Sisi na ng'ombe tunao, na nyongo hungoja humo mpaka chakula chenye mafuta kifike. Kwa sababu hiyo watu wa zamani walidhani kwamba farasi hawezi kabisa kumeng'enya mafuta. Dhana hiyo si sahihi. Ini lake hutiririsha nyongo wakati wote, kama inavyomfaa mnyama alaye wakati wote, na akizoezwa taratibu anaweza kutumia mafuta mengi kuliko yaliyomo majanini.

Katika jambo moja yeye ana bahati kuliko ng'ombe. Chakula cha ng'ombe huingia kwanza katika tumbo kubwa lenye vijidudu, na vijidudu hivyo huzivunja omega-3 nyingi kabla hazijafika damuni. Kwa farasi mambo yamegeuka: vijidudu vyake vinakaa nyuma, katika utumbo mpana, na mafuta hufyonzwa mbele, katika utumbo mwembamba. Omega-3 aliyoila huifaidi karibu yote. Lakini ubaya wa mpango huo ni kwamba mafuta yakimiminwa kwa pupa, yale yaliyoshindwa kufyonzwa hushuka hadi kwa vijidudu vya nyuma na kuvivuruga. Mnyama akaharisha, au akapata msokoto wa tumbo, ugonjwa ambao umewaua farasi wengi wazuri. Tena tumbo lake la mbele ni dogo, la lita 8 hadi 15 tu. Kwa hiyo badiliko lolote la chakula halina budi kufanywa kwa wiki mbili au tatu, kuanzia kijiko kimoja.

UTAFITI UMESEMA NINI

Ni vema kuwatendea haki wauzaji, kwani si kila wasemalo ni uongo. Mwaka 2002 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Guelph, nchini Kanada, walichapisha habari za farasi sita wenye mzio wa kuumwa na usubi, ugonjwa unaomfanya farasi ajikune mpaka ngozi itoke damu. Farasi waliopewa mbegu ya kitani kwa siku 42 walionyesha uvimbe mdogo zaidi ngozini walipopimwa. Hiyo ni habari njema, hasa kwetu sisi ambako usubi haupungui. Lakini farasi sita ni wachache, na uchunguzi mwingine wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999, ambao ulitumia mafuta ya kitani, haukuona kwamba kujikuna kulipungua kwa namna ya kuaminika.

Mwaka 2015 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Purdue, pia Marekani, walieleza juu ya farasi wenye maradhi ya muda mrefu ya mapafu. Wote waliondolewa majani makavu yenye vumbi na kupewa chakula kisicho na vumbi. Baadhi yao waliongezewa omega-3 ya namna ipatikanayo katika samaki na mwani. Waliopewa nyongeza hiyo walipata nafuu zaidi kuliko wenzao. Msomaji na azingatie mpangilio wa jambo hilo: vumbi liliondolewa kwanza, na nyongeza ikafuata. Mtu anayemwaga omega katika hori huku farasi wake akikohoa juu ya majani yaliyoota ukungu anatwanga maji katika kinu.

Yafaa pia kujua kwamba omega-3 ya kitani na ile ya samaki si kitu kimoja. Ile ya samaki na mwani ni minyororo mirefu zaidi, na ndiyo mwili unayoitumia sana katika kutuliza uvimbe. Farasi anaweza kurefusha mnyororo wa kitani, lakini kwa kiasi kidogo tu. Kwa hiyo ahadi iliyothibitishwa kwa mafuta ya samaki haiwezi kuhamishiwa kwenye mfuko wa kitani kwa kubadilisha karatasi ya jina. Wataalamu wa Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani walipotoa toleo lao la mwaka 2007 la kitabu cha mahitaji ya farasi, hawakuweka kiwango chochote cha lazima cha omega-3. Anayekuambia kwamba farasi wako "amepungukiwa" na kiasi fulani, muulize amekipata katika kipimo gani.

Mnyama alaye majani kulishwa samaki huenda likaonekana jambo la kuchekesha, lakini si geni katika bahari yetu hii. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier aliyefika Mombasa na Kilwa mnamo mwaka 1331, alipanda chombo kutoka Kilwa akaenda Dhofar, ambayo leo ni sehemu ya Oman. Huko alistaajabu kuona kwamba wanyama walilishwa dagaa, akasema kwamba hakuona desturi hiyo mahali pengine. Watu wa Dhofar hawakujua neno omega. Walijua tu kwamba nchi yao ina majani machache na bahari yao ina samaki wengi, nao wakatumia walichojaliwa.

HATARI ZAKE

Mbegu ya kitani ina sumu kidogo ndani yake, na sumu hiyo tunaijua. Wanakemia huiita linamarini, jina lililotokana na Linum, yaani kitani. Nayo ndiyo ile ile iliyomo katika muhogo mchungu. Mbegu au mzizi unapovunjwa na kuloweshwa, kimeng'enya kilichomo humo huigeuza linamarini kuwa sianidi. Madhara ya sumu hiyo si hadithi. Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, ukame uliwalazimisha watu kula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha, na zaidi ya watu elfu moja walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo. Bibi zetu walioloweka muhogo, wakamwaga maji, wakauanika na kuutwanga, walikuwa wakifanya kazi ya maabara bila maabara.

Masaisi wa zamani wa Uingereza nao walikuwa na busara yao: mbegu ya kitani waliichemsha kwa muda mrefu mpaka ikawa uji mzito wa utelezi, ndipo wakampa farasi. Anayetaka kuchemsha leo ahakikishe kwamba maji yanatokota kabla mbegu hazijatiwa, na yaendelee kutokota. Kosa baya ni kuziloweka mbegu zilizosagwa katika maji ya vuguvugu na kuziacha, kwa maana hapo sumu hupata nafasi ya kutoka, na maji hayamwagwi kama ya muhogo bali huliwa pamoja na chakula. Mbegu kavu iliyosagwa muda huo huo na kutolewa kwa kiasi kidogo, gramu 100 hadi 200 kwa farasi mkubwa, imelishwa kwa miaka mingi bila madhara, kwa kuwa ukali wa tumbo hukizima kimeng'enya kile. Mbegu nzima isiyosagwa nayo hupita kwa sehemu na kutoka kwenye mavi kama ilivyoingia, na hapo fedha imetupwa samadini.

Jambo la pili ni kuchacha. Omega-3 huungana na hewa upesi. Ndiyo sababu wapaka rangi huyapenda mafuta ya kitani: hukauka na kuwa utando mgumu juu ya mbao, na kitambaa kilicholoa mafuta hayo kikikunjwa na kutupwa pembeni kinaweza kuwaka moto chenyewe. Mafuta yaliyokaa wazi bandani kwa mwezi mzima, katika joto la nchi zetu, si chakula tena. Ikinuka kama rangi, usimpe mnyama. Tena mafuta ya kitani yauzwayo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi mara nyingi hutiwa madini ya kuharakisha kukauka. Hayo ni sumu, na hayafai kabisa kuliwa, hata kama bei yake inavutia.

NENO KWA WENYE WANYAMA

Katika mambo ya malisho, utaratibu ni nusu ya kazi. La kwanza ni majani: mabichi kila inapowezekana, na yakiwa makavu, yawe safi, yasiyo na vumbi wala ukungu. Hata saa mbili za kutolewa nje kila siku, farasi akiongozwa kwa kamba kando ya uwanja, humpa kile ambacho chupa inajaribu kuiga. La pili ni maji ya kutosha na jiwe la chumvi. La tatu ni meno na minyoo, maana farasi asiyeweza kutafuna, au anayekula pamoja na minyoo, hatanenepa kwa omega. Baada ya hayo yote, kama mnyama bado anafungiwa bandani na ngozi yake ni kavu, kikombe cha mbegu ya kitani iliyosagwa siku hiyo ni nyongeza ya haki na ya bei nafuu. Akiwa na maradhi ya mapafu au ya ngozi, aitwe daktari wa mifugo kwanza.

Mwenye punda asijisikie kwamba ameachwa nyuma kwa kukosa chupa hizo. Punda alaye majani kando ya njia huenda ana omega-3 damuni kuliko farasi wa mbio aliyefungiwa nyuma ya mlango uliopakwa rangi nzuri. Anachokosa punda wetu mara nyingi ni maji ya adhuhuri, kivuli, mzigo wa kiasi na siku ya kupumzika, na hakuna kati ya hivyo kinachouzwa dukani.

Wauzaji nao wana wajibu. Mfuko wa chakula cha mnyama uandikwe wazi gramu ngapi za omega-3 zimo katika kipimo kimoja, ni za kitani au za samaki, na ulifungashwa lini. Mnunuzi akikuta kopo lenye picha ya farasi arukaye ua lakini lisilo na tarakimu hizo, na alirudishe rafuni, fedha yake akanunulie majani.